Lita Thelathini

Mnara ulizimika Ijumaa, saa mbili na dakika kumi asubuhi, na aliyeuzima ni mlinzi wake mwenyewe. Hakukata waya wala hakuvunja kufuli. Aliuzima kwa mdomo. Jana yake alasiri alichomeka mpira wa mita moja na nusu kwenye tangi la jenereta, akavuta, akatema, akajaza madumu matatu ya lita kumi kumi, akarudisha kifuniko na kusukutua kwa maji ya sabuni. Kulipokucha jenereta ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Betri, zilizoandikwa kwenye karatasi kwamba zinabeba saa nane, zilibeba dakika tano. Kisha watu wa vijiji sita wakabaki wanatazama simu zao kama watu waliozabwa kofi bila kuambiwa kosa.

Dakika hiyo hiyo binti yake alikuwa amesimama dirishani kwa wakala wa pesa. Wakala alikuwa ameshalamba kidole, ameshahesabu noti mara mbili, ameshabonyeza nusu ya namba.

"Mtandao umekata," alisema, akamrudishia noti zake. "Subiri kidogo."

"Kidogo kiasi gani, kaka?"

"Muulize baba yako. Si ndiye mwenye mnara?"

Watu wawili waliokuwa kwenye foleni walicheka. Msichana naye alitabasamu, maana alikuwa na sababu ya kutabasamu kila kitu wiki ile. Jumatano jina lake lilitoka kwenye orodha ya chuo cha uuguzi. Mtaani walimwita Nesi toka utotoni, kwa sababu ya kufunga vitambaa kwenye vidole vya wenzake hata visivyoumia, na wazazi wake wakawa Baba Nesi na Mama Nesi kwa utani. Sasa utani ulikuwa unakaribia kuwa kweli. Kilichobaki ni kulipa elfu mia na hamsini na kuthibitisha nafasi, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Asiyethibitisha, nafasi inapewa wa akiba. Chuo hakikupokea karatasi, hakikupokea pesa mkononi, na getini kilibandika tangazo kwamba wanaokuja kwa miguu warudi kwa miguu. Kila kitu kwa mtandao.

Elfu tisini walikuwa nazo Jumatano. Sitini hawakuwa nazo. Alhamisi jioni walikuwa nazo, na nyumbani hakuna aliyeuliza zimetoka wapi.

*

Walikaa ndani ya uzio wa kampuni, vyumba viwili vya matofali, hatua kumi na nne kutoka kwenye jenereta. Kwa miaka miwili familia ile ilizoea kuongea kwa kupaza sauti. Asubuhi ile, jenereta ikiwa kimya, waliendelea kupiga kelele bila kujua, na maneno yao yakasikika mpaka barabarani.

"Baba Nesi, mnara una nini?"

"Mafuta yameisha. Bisibisi analeta leo. Si Ijumaa yake?"

"Saa ngapi?"

"Kabla ya mchana. Mna haraka ya nini? Saa kumi mbali."

Mama yake mlinzi, bibi mwenye macho mabovu na masikio mazima, alikuwa kwenye mkeka anachambua mboga kwa kupapasa. "Kumbe nyumba hii ina utulivu," alisema. "Nimeishi humu miaka miwili nikidhani nimekuwa kiziwi." Kisha akainusa chai yake. "Ila chai bado inanuka mashine. Mke mwenzangu, ukishakuwa nesi unitafutie dawa ya harufu."

"Harufu gani, bibi?" msichana akauliza.

Mama yake alinyanyuka kwenda kuanika nguo ambazo hazijafuliwa.

Harufu hiyo mama aliijua. Aliilalia. Mumewe alikuja nayo kitandani kila wiki, kwenye ndevu, kwenye pumzi, na yeye alimgeuzia mgongo na asubuhi akapokea pesa ya matumizi. Hakuiba, lakini alikula, na aliyekula hana mdomo.

Wizi wenyewe ulikuwa na utaratibu kuliko kazi. Kila Ijumaa ya pili fundi wa kampuni, aliyeitwa Bisibisi kwa sababu hiyo tu ndiyo zana aliyoonekana nayo, alileta mafuta. Karatasi ilisema lita mia mbili. Tangini ziliingia mia na hamsini. Mlinzi aliweka saini kwamba ameona mia mbili zikiingia, na kwa kuona kwake vizuri aliachiwa achote kumi kwa wiki amuuzie mwenye mashine ya kusaga. Juu yao alikuwepo meneja wa kanda. Yeye hakugusa mafuta. Yeye alichukua betri nane mpya, akarudisha nne zilizochoka, na paneli za jua zilizokuja na mnara zikapelekwa matengenezo, ambako mpaka leo zinatengenezwa juu ya paa la nyumba yake ya wageni. Na juu kabisa, kwenye mnara, dishi kubwa lilikuwa limetazama mbinguni kama bakuli la ombaomba, likipokea kila siku kutoka kwenye setilaiti, wakati huku chini watu wanapeana vya kwao.

Alhamisi ile mlinzi alipiga hesabu. Zikitoka thelathini, zinabaki za kufika Ijumaa asubuhi. Zikipungua, betri zipo. Betri zikichoka, Bisibisi anakuja. Naye Bisibisi, wiki ile ile, alikuwa ameuza mzigo wote mia mbili kwa mkandarasi wa barabara, akijisemea kwamba mlinzi huchota kumi tu, kwa hiyo tangi litafika Jumatatu bila shida. Kila mwizi alitegemea uaminifu wa mwenzake.

*

Saa tano Bisibisi hakuwa amefika. Mlinzi alipanda juu ya jiwe nyuma ya choo, akanyoosha simu, akashuka. Alijaribu kumpigia Bisibisi mara kumi na moja. Ilimchukua zote kumi na moja kukubali kwamba huwezi kuita fundi wa mnara bila mnara.

"Naenda mjini," binti alisema. Alikuwa ameshavaa viatu. "Kuna duka la intaneti pale stendi. Kwa pikipiki ni saa mbili na nusu. Nafika kabla ya saa nane."

"Nauli?"

Mama alishatoa elfu ishirini, hela yake ya kufua mashuka ya zahanati. Alimwekea binti yake kiganjani akakikunja.

"Baba, naomba simu yako niende nayo."

"Simu ya nini? Si unaenda kwenye kompyuta?"

"Nikikwama nimpigie mtu."

"Mimi niko kazini. Ofisi ikinitafuta?"

"Watakutafuta vipi, Baba Nesi," mkewe alisema, "na mnara wenyewe ndio huo umesimama kama mti mkavu?"

"Ukiwaka je? Uwake waniite nisipatikane? Hiyo simu ndiyo kazi yangu."

Uongo. Simu ile haikuwa na jipya la kazi. Ilikuwa na ujumbe wa mwenye mashine, miaka miwili ya ujumbe, na wa mwisho ulikuwa wa jana: *Mzee zile 30 nimezipata. Zikiwepo nyingine usinipite.* Hakujua kufuta ujumbe. Mtu pekee aliyejua kufuta ujumbe nyumbani mle ni binti yake. Akaisukuma simu ndani ya mfuko wa suruali na kuufunga kifungo, mbele yao, kama mtu anayeogopa kuporwa.

Msichana hakubisha. "Haya, baba. Baki salama."

Pikipiki ilipoondoka bibi aliuliza, "Umemnyima nini mke mwenzangu?" Mlinzi alikuwa ameshashika njia ya kwenda kwenye mashine ya kusaga.

*

Mwenye mashine alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Alimwona mlinzi mlangoni akaendelea kusaga debe la mteja mpaka likaisha, akafunga mfuko, akapokea pesa, akahesabu chenji, ndipo akamtazama.

"Mzee wa mtandao. Umeniletea?"

"Nimekuja kuchukua. Nirudishie kumi tu. Mnara umezima."

"Nikurudishie? Kwani uliniazima?"

"Nanunua."

"Ah. Unanunua." Mwenye mashine alijipangusa uso kwa kofia. "Lita moja elfu nne."

"Mimi nimekuuzia elfu mbili jana."

"Jana ulikuwa unauza mali ya wizi, bei yake inajulikana. Leo mimi nauza mali yangu halali, nimeilipia." Wanawake waliokuwa kwenye foleni na madebe yao walinyamaza ili wasikie vizuri. "Au twende kwa mwenyekiti akatusaidie kuijua bei ya dizeli ya mnara?"

"Punguza sauti, ndugu yangu."

"Sauti ni ya mashine, mzee. Mimi naongea kawaida."

Mlinzi alirudi nyumbani. Mkewe hakuwa na kitu. Mama yake alimsikiliza kwanza mwanawe anavyohema, kisha akaanza kufungua fundo la kanga yake kwa meno. Elfu arobaini, hela ya dawa ya macho. Noti zilikuwa zimekunjwa ndogo kama vidonge.

"Nakurudishia mwisho wa mwezi, mama."

"Sijasema kitu," alisema mama yake. "Nenda. Na ufunge mdomo ukiwa unanisogelea, unanichoma macho."

Alimimina lita kumi tangini kwa uangalifu ambao hakuwahi kuwa nao. Akabonyeza. Jenereta ilizunguka, haikushika. Akabonyeza tena. Jenereta ya dizeli ikishakauka huvuta hewa kwenye mirija, na hewa hiyo lazima itolewe kwa kulegeza skrubu moja, kazi ya dakika nne. Miaka miwili alikaa nayo hatua kumi na nne, akajua kuinyonya, hakujua kuilisha. Alibonyeza mpaka betri ya kuwashia nayo ikafa. Kisha akakaa chini kwenye kokoto, simu mfukoni, kifungo kimefungwa.

*

Mjini kulikuwa na mtandao wa kutupa. Juu ya stendi lilisimama bango refu kama nyumba: mama mzee wa kijijini ameshika simu, anacheka meno yote, na chini yake maneno HAKUNA ALIYE MBALI TENA. Nesi alipita chini yake saa nane kasoro robo, vumbi mpaka kwenye masikio.

Kijana wa duka la intaneti alikuwa mwepesi na mkarimu. Alimfungulia ukurasa wa chuo, akamwonyesha pa kulipia. Wakala wa jirani akapokea elfu mia na hamsini. Kwenye skrini ikatokea alama ya kijani: *Malipo yamepokelewa.* Msichana alifunika uso kwa mikono miwili, akacheka ndani ya viganja.

"Bado hatua moja, dada. Hapa wanasema wametuma namba ya siri kwenye simu yako. Inayoishia na arobaini na saba. Nisomee."

Mikono ilishuka taratibu.

Ombi lilikuwa limejazwa miezi mitano kabla, shuleni, na mwalimu. Yeye hakuwa na kitambulisho, na bila kitambulisho husajiliwi laini. Mwalimu alimwambia aweke namba ya mzazi. Karibu darasa zima waliweka namba za wazazi.

"Ni ya baba. Iko nyumbani."

"Mpigie akusomee."

"Nyumbani hakuna mtandao leo. Mnara umezima."

"Basi tafuta mtu wa karibu na mnara aulize unawaka saa ngapi." Kijana alikuwa anajaribu kusaidia. "Kuna mlinzi pale, huwa wanajua."

"Mlinzi ndiye baba."

Kijana alicheka kabla hajajizuia. Wateja wawili waligeuka. "Samahani, dada. Nimecheka vibaya."

Alimsaidia kweli, hilo lazima lisemwe. Alibonyeza *tuma tena*. Alipiga namba ya huduma kwa wateja ya kampuni ya simu, ambako mwanamke mwenye sauti tamu alisema mwenye laini lazima aje mwenyewe na kitambulisho. Alipiga namba ya chuo. Iliita mpaka ikakata. Alipiga namba ya baba, na sauti nyingine tamu ikasema mteja hapatikani kwa sasa. Wakabonyeza *tuma tena*. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Tangu mara ya kwanza, namba ya siri ilitumwa mara saba. Kila moja ilipaa mpaka kwenye setilaiti, ikashuka, ikakuta bakuli limefunikwa.

Saa kumi kamili ukurasa ulijifunga wenyewe.

"Unadaiwa elfu mbili za kompyuta," kijana alisema, akatazama pembeni. "Lakini acha tu."

*

Ofisi ya kanda huona minara yote kwenye skrini moja ukutani. Ijumaa wa zamu hawakuwepo. Walikwenda wote kuzindua mnara mwingine, na kulikuwa na hema, viti vyenye vitambaa, na hotuba kwamba nchi sasa imeunganishwa pembe zote. Bisibisi alifika Jumamosi asubuhi bado amevaa fulana ya uzinduzi. Meneja wa kanda alikuja naye, akashuka kwenye gari na kukanyaga kokoto kwa ncha za viatu.

Bisibisi alilegeza skrubu, akatoa hewa, akaunganisha betri ya gari. Jenereta ikaunguruma. Saa nne na dakika ishirini.

"Tangi lina lita tisa," meneja alisema. "Karatasi zinasema haliwezi kuwa chini ya sitini."

"Mimi nimeleta mia mbili kila mara," alisema Bisibisi. "Saini zake hizi hapa, bosi. Karatasi hamsini na mbili, hakuna iliyokosa."

"Bisibisi," mlinzi alisema. "Jana hukuleta."

"Jana nilikuwa kwenye uzinduzi kwa amri ya ofisi. Bosi mwenyewe alikuwepo. Unataka kumwita bosi mwongo?"

"Na betri? Mlisema zinabeba saa nane."

Meneja alimtazama kwa mara ya kwanza, kwa upole, kama daktari. "Mzee, hayo ya betri ni ya kitaalamu. Hii yako ni saini?"

"Ni yangu."

"Basi tusipotezeane muda. Jumatatu saa sita nyumba iwe wazi. Mshahara wa mwezi huu unabaki ofisini."

Hapo ndipo mfuko wa suruali yake ulipoanza kutetemeka. Mara moja, mbili, tatu, bila kukoma. Nesi, aliyekuwa mlangoni tangu usiku uishe, alipita katikati ya wanaume watatu, akakifungua kifungo cha mfuko wa baba yake, akaitoa simu. Hakuna aliyemzuia. Alisoma amesimama. Namba ya siri. Namba ya siri. Zote saba, moja baada ya nyingine. Kisha wa chuo: *Muda wa kuthibitisha umekwisha. Nafasi imetolewa kwa mwombaji mwingine. Ada iliyolipwa hairejeshwi.* Akaendelea kushuka, akafika kwa mwenye mashine. Akasoma wa juzi, akasoma wa wiki iliyopita, akashuka mpaka kidole kikachoka.

"Baba," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa mno au jenereta ilikuwa ndogo. "Ungeniambia ningekufutia."

Bisibisi alikohoa. Meneja alitazama saa. Mlinzi alifungua mdomo, na harufu ikatoka kabla ya neno.

Jumatatu alikuja mlinzi mpya, mtu mpole mwenye godoro na watoto watatu. Aliukuta mpira umeachwa kwenye uzio. Hakuutupa. Aliuosha, akauliza mtaani mwenye mashine ya kusaga anakaa wapi.

Hesabu ya yaliyotoka ni hii. Lita thelathini ziliuzwa elfu sitini. Lita kumi kati ya hizo zilinunuliwa tena elfu arobaini, hela ya macho ya bibi, na macho hayakusubiri: jicho la kushoto liliziba kabla ya mwezi kwisha. Nauli ya pikipiki elfu ishirini. Mshahara uliobaki ofisini elfu tisini. Ada elfu mia na hamsini, imepokelewa. Vyumba viwili. Nafasi moja ya chuo. Na kwa miaka miwili, kumi kila wiki, lita elfu moja na arobaini zilipita kwenye mdomo wa mtu mmoja, zikaingiza milioni mbili na elfu themanini. Pesa hiyo ingelipa ile ada mara kumi na tatu. Mama Nesi alikaa juu ya mizigo barabarani akijaribu kukumbuka kitu kimoja kilichonunuliwa nayo, akapata jozi moja ya viatu, na hivyo ndivyo binti yake alivyovaa kwenda mjini.